Usitupe Mbachao: Kabureta ya Gari la Zamani, Itengenezwe au Inunuliwe Mpya?

Leo nimekuja kuzungumza nanyi juu ya chombo kidogo ambacho mtu aweza kukishika kwa mkono mmoja. Walakini chombo hicho kikikosa afya, gari zima lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,000 husimama njiani kama punda aliyegoma. Chombo hicho ni kabureta.

Mara nyingi watu huniuliza, "Mwalimu, kabureta ya gari langu imechoka. Je, niitengeneze au ninunue mpya?" Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa kesho elimu ya sayansi. Lakini somo hili nililisoma nje ya darasa, na karo yake niliilipa kwa fedha yangu na kwa aibu yangu. Kwa hiyo nimeona si vema nikae nalo peke yangu.

Pengine mmoja wenu atasema, "Mambo hayo yamepitwa na wakati." Ni kweli kwamba magari mapya hayana kabureta tena. Tangu miaka ya 1980 na 1990 viwanda viliacha kuzitia, vikaanza kutumia pampu na vyombo vya umeme vinavyopuliza petroli ndani ya injini kwa kipimo. Lakini magari ya zamani hayajatoweka. Katika vilima vyetu bado yako magari ya Land Rover ya petroli yaliyotoka kiwandani kabla ya mwaka 1985, nayo yangali yanachukua mazao na watu. Zaidi ya hayo, pikipiki nyingi na jenereta ndogo za kuwashia taa zina kabureta. Basi neno litakalosemwa hapa juu ya Land Rover litamfaa pia mwenye pikipiki.

Kwanza yatupasa kujua kazi ya chombo chenyewe. Petroli peke yake haiwaki ndani ya injini, sharti ichanganywe na hewa kwa kipimo. Kilo 1 ya petroli yahitaji karibu kilo 15 za hewa. Ninyi wanafunzi mwaweza kufanya hesabu hii: lita 1 ya petroli, ili iungue sawasawa, yataka karibu lita 9,000 za hewa. Kazi ya kabureta ni kupima na kuchanganya vitu hivyo viwili, tena bila kupumzika, gari likiwa linapanda, linashuka au limesimama.

Je, yafanyaje kazi hiyo? Injini huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi. Hewa hiyo hupita katika koo la kabureta, na koo hilo limebanwa katikati. Mmepata kuona maji ya mto yanavyokwenda mbio pale kingo mbili zinapokaribiana. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo, na inapokwenda mbio msukumo wake hupungua. Mtu aliyeeleza jambo hili vizuri ni Giovanni Battista Venturi, mtaalamu wa Italia aliyezaliwa mwaka 1746 akafa mwaka 1822, na mpaka leo koo la namna hiyo huitwa kwa jina lake. Mahali hapo palipobanwa pametiwa tundu dogo litokalo katika bakuli la petroli. Kwa kuwa msukumo wa hewa ya koo umepungua, petroli hupanda yenyewe, ikatoka kwa chembechembe kama ukungu wa asubuhi, ikachanganyika na hewa. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach wa Ujerumani alitengeneza kabureta ya kunyunyiza kwa njia hiyo, na kabureta zilizokuja baadaye ni kama wajukuu wake.

Ndani ya bakuli lile liko boya. Petroli ikijaa, boya huinuka na kuisukuma sindano izibe njia, na petroli ikipungua boya hushuka, njia ikafunguka. Viko pia vijitundu vilivyotobolewa kwa kipimo halisi, navyo huitwa jeti. Chini ya koo kiko kibamba cha duara kigeukacho juu ya kijiti cha chuma. Dereva akikanyaga mafuta, kibamba hufunguka. Hatimaye iko choki, ambayo huzuia sehemu ya hewa asubuhi wakati injini ni baridi. Mkiyakumbuka haya manne, yaani boya na sindano yake, jeti, kibamba na kijiti chake, na choki, mtaelewa maneno yangu yote yaliyobaki.

Sasa nitawaeleza yaliyonipata. Marehemu baba yangu aliniachia Land Rover ya mwaka 1972, yenye injini ya silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286. Kabureta yake ilikuwa ya Zenith, ile iliyoandikwa 36 IV. Gari hilo lilitushusha na kutupandisha katika barabara ya Mombo na Lushoto, likichukua viazi na kabichi, na zaidi ya mara moja lilimpeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane.

Siku moja likaanza ugonjwa. Lilipokuwa mbioni lilikwenda vema. Lakini lilipopunguza mwendo, injini ilipanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi, kisha ikazimika. Haikukubali kunguruma polepole ila choki ikiwa imevutwa. Nikalipeleka kwa fundi mmoja. Kijana wake, mwanafunzi wa kazi, akaifungua kabureta, akaisafisha, akaitazama kila upande, akaifunga. Ugonjwa ukabaki vilevile. Fundi mkubwa akasema, "Hii imekufa. Nunua mpya." Yule kijana akanijia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, samahani. Mimi naona kabureta haina kosa. Naomba tutazame kwanza gasketi ya manifoldi, pale bomba la hewa linapoungana na injini."

Ndugu zangu, mimi ni mtu ambaye kila siku huwaambia wanafunzi wangu waulize na wajaribu kabla ya kukata neno. Lakini siku ile nilimjibu, "Kijana, sayansi nimeifundisha tangu wewe hujajua kusoma." Tena nikamwambia tajiri wake kwamba labda kijana huyu ndiye aliyeiharibu kabureta kwa kuifungua. Kesho yake yule kijana alifukuzwa kazi.

Nikanunua kabureta mpya, iliyoandikwa Weber 34 ICH, aina ambayo watu wengi huitia katika Land Rover badala ya ile ya Zenith. Bei yake pamoja na gharama ya kuileta ilikuwa karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi, na fedha hiyo nilikuwa nimeiweka kwa sare na madaftari ya wanangu. Ikafungwa. Injini ikawaka. Nilipoondoa mguu, ikapanda, ikashuka, ikazimika. Ugonjwa ulikuwa uleule!

Juma lile jirani yangu alikuja usiku kugonga mlango. Mke wake alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Tukaondoka. Katika kona ya tatu nilipunguza mwendo, injini ikazimika, nayo betri ikachoka kwa kuwashwa mara nyingi. Watu wanne wakasukuma gari gizani, na yule mama alikuwa ndani akiugua. Kwa bahati njema lori la mboga likapita, likamchukua. Mama na mtoto walifika salama, na mtoto sasa anatembea. Lakini mimi nilibaki pale konani nikitazama kabureta mpya inayong'aa kwa mwanga wa tochi, nikajua ya kuwa nilikuwa nimenunua kitu bila kujua ninachokitafuta.

Baada ya siku mbili nikampata mzee mmoja aliyestaafu kazi ya karakana. Hakufungua kitu. Aliomba maji ya sabuni katika chupa ya kunyunyizia. Akaiwasha injini ingali baridi, akanyunyiza maji kidogo kidogo mahali manifoldi ilipoungana na injini. Alipofika pembe ya nyuma, mngurumo ukabadilika mara moja. Akaniambia, "Bwana Mwalimu, gari lako linavuta hewa kwa mlango wa wezi." Gasketi ilikuwa imeungua pale pembeni. Hewa isiyopimwa na kabureta ilikuwa ikiingia, na mchanganyiko ukawa mwepesi mno injini iendapo polepole. Mbio jambo hilo halikuonekana, kwa sababu hewa ya wizi ilikuwa ndogo ukiilinganisha na hewa nyingi iliyopita njia ya haki. Bei ya gasketi mpya haikufika bei ya kilo moja ya nyama. Ilipotiwa, injini ikanguruma kama nyuki mzingani.

Hili basi ndilo neno la kwanza: kabla ya kuuliza kama kabureta itengenezwe au inunuliwe, hakikisha kwamba kosa ni la kabureta. Anza na mambo yaliyo rahisi. Tazama kama petroli yafika, na kama chujio si chafu. Tazama plagi na pointi za umeme, maana magonjwa mengi yanayosingiziwa kabureta ni ya umeme. Ukizitoa plagi, zisome kama barua: plagi yenye masizi meusi makavu husema kwamba petroli imezidi, na plagi iliyo nyeupe mno husema kwamba hewa imezidi. Kisha tafuta hewa ya wizi kwa maji, kama alivyofanya yule mzee. Lakini fanya hivyo injini ingali baridi, kwa kuwa maji baridi juu ya chuma cha moto huweza kukipasua. Usijaribu kamwe kwa petroli, maana cheche moja yatosha kuliteketeza gari na mtu wake.

Tena ninyi mkaao milimani, kumbukeni kwamba mahali palipo juu pana hewa nyepesi. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko hewa ya pwani kwa zaidi ya sehemu 1 katika 10. Gari lililopimwa Tanga huweza kutoa moshi mweusi kidogo likifika kwetu. Huo si ugonjwa wa kabureta. Ni tofauti ya mahali, na pengine jeti iliyo ndogo kidogo yatosha.

Haya, tuseme mmehakikisha kwamba kosa ni la kabureta kweli. Neno la pili ni hili: jueni namna ya ugonjwa. Magonjwa ya kabureta ni ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni uchafu. Gari lililokaa miezi mingi huacha petroli ikauke bakulini, ikawa kama gundi ya manjano, ikaziba jeti. Dawa yake ni kuosha kwa kiowevu cha kusafishia na kupuliza jeti kwa hewa. Pampu ya baiskeli yafaa sana. Usichokoe jeti kwa waya wala kwa sindano, maana tundu lile limepimwa, na ukilipanua hata kwa unene wa unywele umeharibu kipimo. Kwa ugonjwa huu, mtu anayenunua kabureta mpya ni sawa na mtu anayetupa sufuria kwa sababu haikuoshwa.

Namna ya pili ni kuchakaa kwa vile vipuri vidogo ambavyo tangu mwanzo vilitengenezwa ili vibadilishwe: gasketi, pete za mpira, kiwambo, sindano ya boya na kiti chake. Sindano iliyochakaa haizibi, petroli ikafurika, ikadondoka juu ya bomba la moshi lenye moto. Jambo hilo lisicheleweshwe hata siku moja, kwa kuwa magari yameungua kwa ajili yake. Boya lililotoboka nalo utalijua kwa kulitikisa sikioni. Likilia maji ndani, limekwisha. Vipuri hivi huuzwa pamoja katika pakiti moja, kwa bei iliyo ndogo sana kuliko bei ya kabureta nzima. Ila ulizeni kama mpira wake ni wa siku hizi. Katika nchi kadha wa kadha petroli sasa huchanganywa na ethanoli. Kule Uingereza tangu mwaka 2021 petroli ya kawaida yaweza kuwa nayo mpaka sehemu 10 katika 100. Mpira wa zamani huvimba na kuoza ukiloweshwa nayo, hata kama pakiti haijapata kufunguliwa.

Namna ya tatu ni ugonjwa wa mwili wenyewe. Hapa ndipo pana shauri gumu, na hapa ndipo panapotakiwa jicho la fundi. Mwili wa kabureta umetengenezwa kwa madini laini, na kijiti cha kibamba ni cha chuma kigumu. Baada ya miaka mingi ya kugeuka, tundu la kijiti huacha kuwa duara, likawa kama yai, na hewa hupenya. Shika kijiti, ukitikise. Kikicheza sana, hapana gasketi itakayokusaidia. Lakini hata ugonjwa huu una dawa. Karakana yenye mashine ya kukereza huweza kulipanua tundu liwe duara tena, na kutia bushi ya shaba na kijiti kipya. Kazi hii ikifanywa vema, kabureta huweza kudumu miaka mingi.

Zenith 36 IV ina ugonjwa wake wa ukoo, nao wajulikana na mafundi wengi wa Land Rover. Kifuniko chake hupinda. Fundi akikaza mno zile skrubu akidhani anaziba, au joto la miaka likikifanyia kazi, uso wa kifuniko huacha kulala sawasawa juu ya mwili. Pete ndogo ya mpira iliyo ndani hushindwa kuziba, petroli hupita pasipokuwa njia yake, na injini hukataa kunguruma polepole tena hunywa mafuta kama mlevi. Watu wengi wamezitupa kabureta nzima kwa sababu hii. Nitawaeleza dawa yake baada kidogo, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu.

Sasa, ni lini basi inafaa kununua mpya? Mimi sisemi kwamba cha kale ni bora siku zote. Nunua mpya ikiwa mwili umepasuka. Nunua mpya ikiwa maji yamekaa bakulini mpaka yameula ukuta wake, au ikiwa njia za ndani zimeliwa na kutu nyeupe. Nunua mpya ikiwa nyuzi za skrubu zimeharibika na watu wamekwisha kuzitia gundi na nta, au ikiwa vipande vimepotea, au ikiwa karakana ya kutia bushi iko mbali hata nauli na ujira vinazidi bei ya kabureta. Tena ikiwa gari hilo ndilo riziki ya nyumba, na kila siku likaapo bure watoto wanakosa chakula, basi tia mpya leo ili kazi iendelee, kisha itengeneze ile ya zamani polepole.

Lakini ununuapo, jua unanunua nini. Zimo sokoni kabureta zenye sura ya zile zenye jina, lakini jeti zake ni za kubahatisha. Soma namba zilizopigwa juu ya jeti, uzilinganishe na zile za injini yako. Na hata ile iliyo halali yaweza kuwa na kipimo kingine. Kwa mfano wanafunzi fanyeni hesabu hii: koo la Zenith, pale penye kibamba, lina upana wa milimita 36, na la Weber niliyoinunua milimita 34. Tofauti ya milimita 2 yaonekana si kitu. Lakini zidisheni 36 mara 36, kisha 34 mara 34, mlinganishe. Mtaona ya kuwa njia ya hewa imepungua kwa sehemu 1 katika 10 hivi. Ndiyo maana Weber ile iliniwekea akiba ya petroli katika tambarare, lakini katika mpando wa kwetu, mzigo ukiwa mzito, ilinilazimisha kushuka gia mapema kuliko zamani. Haikuwa mbaya. Ilikuwa nyingine.

Nilipoliona jambo hilo nikakumbuka kabureta ya baba. Nikarudi kwa yule fundi kuiomba. Akanijibu bila haya kwamba ilikwisha kuuzwa kwa kilo, pamoja na vyuma chakavu. Wazee walisema, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Methali hiyo nilikuwa nimeifundisha darasani mara nyingi, wala sikujua kwamba inanihusu. Kwa hiyo hili ndilo neno la tatu: hata ukinunua mpya, ile ya zamani usiitoe mkononi mwako. Ifunge katika kitambaa, uiweke kabatini. Mpya ikikosea utakuwa na pa kurudia, na siku moja mtu mwenye gari kama lako atakushukuru kwa kipande kimoja tu.

Lakini lilibaki deni kubwa kuliko la kabureta. Nikamtafuta yule kijana. Nikamkuta kando ya barabara, amejenga kibanda cha kutengeneza pikipiki. Aliponiona alisimama, akafuta mikono, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, kisha nikamwambia, "Kijana wangu, ulisema kweli, na mimi nilikusingizia. Nimekuja kukuomba radhi." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Yamekwisha, Mwalimu. Ila siku ile sikula." Maneno hayo manne ya mwisho sijayasahau, wala sitaki kuyasahau.

Baada ya mwezi akaniletea habari kwamba ameona Land Rover iliyokufa uani kwa mtu, nayo ina Zenith 36 IV. Tukainunua kwa bei ndogo. Kifuniko kilikuwa kimepinda: tulipoweka rula juu yake tuliona mwanga ukipita chini yake katikati. Kijana akalaza kipande cha kioo kinene juu ya meza, akatandaza msasa laini uliolowa maji, akakisugua kifuniko polepole kama mtu anayeandika tarakimu ya 8, akikigeuza mara kwa mara ili kisiliwe upande mmoja. Hakuwa na haraka. Kila baada ya kitambo alikikausha na kukipima kwa rula, mpaka mwanga ulipotoweka. Kisha akatia pete mpya, gasketi mpya, sindano mpya na kiti chake, akakaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, moja huku na moja kule, bila kutumia nguvu. Asubuhi nzima ilikwisha. Tulipoifunga katika gari, injini ilinguruma polepole bila choki, na mpando wa kwetu ukawa kama zamani. Ile Weber imo kabatini mwangu, imefungwa kitambaa, ikingoja siku yake. Na ujira niliomlipa kijana yule safari hii sikuupunguza hata senti moja.

Basi, wasikilizaji wangu, mtu akiwauliza kama kabureta itengenezwe au inunuliwe mpya, msimjibu upesi. Mwulizeni kwanza, "Je, umejuaje kwamba kosa ni la kabureta?" Akiisha kuhakikisha, mwulizeni, "Ni uchafu, ni vipuri vidogo, au ni mwili?" Ikiwa ni uchafu, aoshe. Ikiwa ni vipuri vidogo, anunue pakiti yake. Ikiwa ni mwili, amwite fundi mwenye mashine, wapige hesabu pamoja, na mpya iwe shauri la mwisho, si la kwanza. Na mjifunzapo kazi hiyo, fanyeni nje penye hewa, mbali na moto na sigara.

Nanyi wakubwa, mwenye gari na mwenye karakana, akiwajia kijana mwenye mikono michafu na neno moja la adabu, msikilizeni mpaka amalize. Kumsikiliza hakuhitaji hata senti, na mimi najua gharama ya kutomsikiliza.